Sura ya Tano: Kinaa ya Moyo Uliovunjika

Aghalabu mwanadamu huanza kuuliza habari ya kutosheka siku ile anapokuwa amekwisha kuvipata vile alivyodhani kuwa vitamtosheleza. Anayehangaikia posho ya leo huwa na matumaini ya kesho ya kumfariji. Walakini mwenye cheo, mshahara wa kila mwezi, nyumba ya mabati na jina linalotajwa kwa heshima barazani, akilala usiku akahisi ya kuwa ndani yake pamebaki utupu usioondolewa na kimoja katika hivyo, huyo hana tena kesho ya kuitegemea, maana kesho yake imekwisha kumfikia. Mwandishi wa Kitabu cha Mhubiri aliifahamu hali hiyo tangu zamani. Alijenga majumba, akapanda mizabibu, akakusanya dhahabu na waimbaji, wala hakujinyima alichokitamani; kisha akaketi kuitafakari kazi ya mikono yake, akaichukia. Mtu angetazamia kwamba kitabu chenye uchungu wa namna hiyo kingeondolewa katika Maandiko, kisije kikawavunja moyo waumini. Lakini wazee wa imani walikiacha mahali pake, nacho kinasomwa makanisani hata leo.

Katika sura hii nakusudia kuzieleza itikadi kuu za Wakristo wa kiinjili, na jinsi wanavyosema kwamba nafsi ya mtu hupata utoshelevu wake kwa Mungu. Itikadi zikipangwa peke yake hukauka, na msomaji huzikubali au kuzikataa bila ya kuguswa; kwa hiyo nitazieleza kwa kupitia watu waliozishika, nao ni wale wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza baina ya Rwanda na Uganda katika miaka iliyoanzia 1929, ukavuka mipaka yote ya wakoloni hata ukafika Kenya, Tanganyika na Burundi. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka, na hapo mwanzo jina hilo lilikuwa la dhihaka.

Simeoni Nsibambi alizaliwa mwaka 1897 katika Buganda, akalelewa katika jamaa yenye heshima na ardhi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika kikosi cha waganga, na baada ya vita akapewa kazi ya afya katika serikali ya Kabaka. Alitamani kupelekwa ng'ambo kusoma. Nafasi hiyo haikuja, na jambo hilo lilimwuma. Alikuwa Mkristo tangu utoto, amebatizwa, anajua nyimbo na sala. Walakini baadaye alishuhudia kwamba siku alipojikabidhi kwa Mungu kwa dhati, ule usomi alioukosa ulionekana kuwa kitu kidogo mbele ya uhai wa milele aliokuwa karibu kuukosa. Tangu hapo aliwahubiri watu kwa bidii, na hatimaye akaiacha kazi ya serikali. Hata hivyo ndani yake alihisi upungufu ambao hakuweza kuueleza.

Mnamo Septemba 1929, karibu na kanisa kuu la Namirembe mjini Kampala, alikutana na daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefika katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda, juu ya ziwa Muhazi. Daktari huyu naye alikuwa hoi. Alipofika tu Rwanda, njaa kuu iliiangukia nchi. Watu walikufa njiani, wagonjwa wakawazidi watumishi, na yeye, aliyekuwa amekuja kuwapa wengine, akajikuta hana kilichobaki cha kutoa. Basi hapo walisimama wawili: Mwafrika mwenye mali na heshima, na Mzungu mwenye elimu na wito, wote wawili Wakristo, wote wawili wakiwa na kiu. Walikaa siku mbili, Biblia iko wazi mbele yao, wakafuata mafundisho yake juu ya Roho Mtakatifu kutoka kitabu kimoja hadi kingine, wakaomba pamoja. Hakuna habari ya muujiza. Wala hakuna aliyekuwa mwalimu wa mwenzake, na katika zama zile, ambapo Mzungu wa misheni na Mwafrika wa kanisa lile lile hawakuzoea kuketi meza moja, jambo hilo peke yake lilikuwa ajabu ya kutosha.

Waliyoyaamini hayakuwa mapya. Mwanahistoria wa Uingereza, David Bebbington, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989, aliwatambua Wakristo wa kiinjili kwa alama nne: kusisitiza kwamba mtu sharti aongoke; kuiheshimu Biblia kupita mamlaka nyingine zote; kuuweka msalaba wa Kristo katikati ya kila fundisho; na kuitenda imani kwa bidii, hasa kwa kuhubiri. Alama hizo zilikuwapo kwa John Wesley, padri aliyekuwa amekwisha kuhubiri, kufunga na kuvuka bahari kwenda Marekani kuwafundisha wengine kabla ya jioni ile ya tarehe 24 Mei 1738 ambapo, akisikiliza dibaji ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi ikisomwa katika mkutano mdogo mjini London, alihisi moyo wake umepata joto asilolijua, akasadiki kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake yeye mwenyewe. Zilikuwapo katika mikutano ya Keswick, iliyoanza Uingereza mwaka 1875 na ambayo mafundisho yake Joe Church alikuja nayo. Kwa hiyo Uamsho haukuongeza neno katika kanuni ya imani. Uliyachukua maneno ambayo kila mtoto wa shule ya misheni aliyakariri, ukauliza: je, ni kweli?

La kwanza ni habari ya dhambi, na hapo ndipo wengi humwacha mhubiri na kwenda zao. Kwa desturi dhambi huhesabiwa kama makosa: huyu kaiba, yule kazini, mwingine kalewa, na asiye na mojawapo katika hayo hujiona kuwa salama, hasa akiwa anatoa sadaka. Fundisho la kiinjili huchimba chini zaidi. Husema kwamba mtu ameumbwa kwa ajili ya Mungu, na kwamba dhambi ndiyo ile hali ya kujiweka mwenyewe mahali pa Mungu, akajitawala, akajihesabia haki, akatafuta sifa yake; na kwamba wizi na uzinzi ni matunda ya mti huo, kama ulivyo matunda yake wema wa mtu anayewatendea watu hisani ili wamwone. Paulo katika Waraka kwa Warumi huwaweka Wayahudi na mataifa katika hukumu moja, wala hambakizi mtu nje. Ni fundisho chungu. Lakini lina heshima yake pia, kwa maana haliwagawi watu katika safu ya wema na safu ya waovu. Mbele yake askofu na mlevi husimama mstari mmoja.

Yosiya Kinuka aliujua uchungu huo. Alikuwa mkubwa wa wauguzi Waafrika pale Gahini, mtu mwenye uwezo, naye alikuwa amechoshwa na kazi, amechoshwa na Wazungu, akitaka kuondoka. Alipelekwa Kampala akae kidogo na Nsibambi. Mwenyeji wake alimwuliza habari za hospitali, na Kinuka, kwa kuwa alikuwa amepata msikilizaji, akamweleza jinsi mambo yalivyoharibika: watumishi wavivu, wizi, fitina, ukali wa wakubwa. Nsibambi alimsikiliza hata akamaliza. Kisha akamwambia kwamba chanzo cha ubaya wa hospitali ile ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, nami bado naona lilikuwa jibu kali, pengine la kumwonea mtu. Maana bila ya shaka malalamiko yake mengine yalikuwa ya haki, na Wazungu wa misheni hawakuwa malaika. Walakini Kinuka hakuweza kulitupa neno lile. Alikwenda nalo katika safari ndefu ya kurudi Rwanda, akipigana nalo moyoni, na kabla hajafika Gahini akajisalimisha kwa Mungu. Alipofika aliwaomba radhi watu ambao hapo awali aliwashitaki, Wazungu kwa Waafrika. Wenzake walidhani amerukwa na akili. Baadaye alipewa daraja ya upadri, akawa miongoni mwa viongozi wa Uamsho, naye alitumika pamoja na daktari yule yule aliyetaka kumkimbia.

Ikiwa dhambi ni nzito kiasi hicho, mtu hawezi kuiondoa kwa kuongeza mema, na hapa tunafika msalabani. Wainjili huamini kwamba Yesu, Mwana wa Mungu aliyefanyika mwanadamu, alikufa badala ya wakosaji, akaichukua hukumu iliyowapasa wao, akafufuka siku ya tatu. Watu wenye akili wameuliza tangu zamani: inakuwaje asiye na hatia amlipie mwenye hatia, na hiyo iitwe haki? Ni swali jema, na majibu mepesi hayalitoshi. Mimi huliona hivi. Mtu akinidai shilingi elfu, kisha akanisamehe, zile shilingi hazikuyeyuka hewani. Hasara yake ameibeba yeye aliyesamehe. Hakuna msamaha usiomgharimu msamehevu. Basi, maadamu wainjili husadiki kwamba aliyetundikwa pale Golgotha ni Mungu mwenyewe katika mwili, hawaoni kwamba Mungu alimshika mtu wa tatu akamwadhibu bure; wanaona kwamba mwenye kudai ndiye aliyeibeba hasara. Ndiyo sababu ndugu wa Uamsho walizungumza mno juu ya damu ya Yesu, hata wageni wakachukizwa na mazungumzo hayo, na ndiyo sababu wimbo wao wa sifa wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, uliimbwa kila mara mtu alipomaliza kutubu, katikati ya mkutano, bila ya kungoja ratiba.

Faida ya msalaba hupokewa kwa imani. Waraka kwa Waefeso husema waziwazi kwamba wokovu ni zawadi, mtu asipate pa kujisifia; na hapo, kwa rai yangu, ndipo lilipo shina la utoshelevu ambao wengi huutafuta mahali pengine. Fikiri ni sehemu gani ya uchovu wa mtu hutokana na kazi, na ni sehemu gani hutokana na kujitetea: kulinda jina, kuficha upungufu, kujilinganisha na jirani, kuhesabu nani amenisalimia na nani amenipita. Mtu akisadiki ya kuwa Hakimu anayemjua mpaka ndani amekwisha kumkubali, si kwa ubora wake, kesi hiyo ya maisha yote hufungwa. Kinaa huja kwa mlango huo. Anayeikimbilia kinaa yenyewe, akamwendea Mungu kama mtu aendavyo dukani, hutoka mikono mitupu, maana alikuja na nafsi yake ile ile ikiwa bado imeketi kitini.

Kuzaliwa mara ya pili, ambako Yesu alimweleza Nikodemo, mwalimu wa Israeli aliyemjia usiku, ndiko kunakoitwa kuokoka katika lugha yetu ya kila siku. Na sitakawia hapo, kwa kuwa kila msomaji amekwisha kulisikia neno hilo sokoni na redioni. Inatosha kusema kwamba wainjili hukukubali kuwa kazi ya Roho Mtakatifu, wala hakurithiwi kwa wazazi, wala hakuletwi na maji ya ubatizo peke yake. Kadhalika habari ya Biblia: Waganda walikuwa nayo nzima katika lugha yao tangu mwaka 1896, wasomaji wa Kiswahili walipata tafsiri ya Union Version mwaka 1952, na mwalimu wa kijijini mwenye kitabu hicho mkononi aliweza kumwambia askofu kwamba amekosea. Wengine walimwambia, na hawakuchagua maneno.

Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa ndiye moto wa Gahini. Alikwenda huko kufundisha katika mwaka ule ule wa 1929, akapewa malezi ya wainjilisti vijana. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi uliofanyika Gahini wakati wa Krismasi, mtu mmoja alisimama akaungama dhambi zake mbele ya wote, na mwingine akamfuata, na mwingine, hata mkutano ukapita saa zake. Kigozi alitembea Rwanda na Kigezi ya Uganda akihubiri. Mnamo Januari 1936 alikwenda Uganda akiwa na maneno ya kuliamsha kanisa mbele ya sinodi, juu ya ubaridi wa waumini na juu ya watu waliojulikana kuwa wanaishi dhambini huku wakishiriki meza ya Bwana bila ya kuulizwa. Lakini homa ikamshika, akafa kabla ya kuyasema. Yalisomwa na wengine, na kifo chake kiliyapa nguvu ambayo pengine uhai wake usingeyapa.

Inafaa tusogee karibu kidogo tuwaone watu hawa wakiwa pamoja, kwa sababu utoshelevu wao haukuwa wa mtu mmoja chumbani. Mkutano wa ushirika hufanyika nyumbani au chini ya mti, viti ni mabenchi na mikeka, na salamu ni "Bwana asifiwe", hujibiwa na wote kwa pamoja. Husomwa aya chache. Kisha mtu husimama akaitoa habari ya juma lake: alimjibu mkewe kwa ukali Jumanne, akakataa kuomba radhi mpaka Ijumaa, alipewa chenji iliyozidi na mwenye duka akanyamaza, alimwonea wivu ndugu aliyeitwa kuhubiri mahali alipotazamia kuitwa yeye. Hilo huitwa kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohana. Hakuna anayeshangaa. Wimbo huimbwa, naye huketi, na mwingine huinuka. Asubuhi yake yule wa chenji hutazamiwa dukani, fedha mkononi.

Hiyo ndiyo sehemu iliyowashangaza hata wasioamini. Katika miaka ya mwanzo watu walirudisha ng'ombe, fedha, nguo na vyombo vilivyoibwa kwa wakubwa wa misheni na serikali, kama Zakayo mtoza ushuru alivyoahidi kurudisha mara nne. Waume walianza kula pamoja na wake zao mahali ambapo desturi iliwakataza. Mtutsi na Mhutu waliitana ndugu. Mtu asiye na kitu cha kuficha hulala usingizi ambao tajiri mwenye siri hawezi kuununua. Na ndugu wa Uamsho, ambao wengi wao walikuwa walimu wadogo, wauguzi na wakulima, walijulikana kwa uchangamfu uliowaudhi majirani.

Kuudhi waliudhi. Katika chuo cha theolojia cha Mukono, mwaka 1941, wanafunzi waliookoka walikuwa wakiamka usiku wa manane kusali na kuhubiriana, wakawatangazia walimu wao dhambi za walimu hao, wakapigwa marufuku wasikusanyike. Wakakataa kutii, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmojawao. Wapenzi wa Uamsho husimulia habari hiyo kama mateso ya wenye haki. Mimi naona lawama ilikuwa pande zote mbili: wakubwa wa chuo waliogopa moto kuliko walivyoogopa baridi, nao vijana walisahau kwamba unyenyekevu unaotangazwa kwa sauti kuu saa kumi za usiku hauna budi kutiliwa shaka. Zaidi ya hayo, kuungama hadharani huweza kugeuka mchezo. Mtu hujifunza ni dhambi zipi zinazopokewa kwa wimbo na zipi zinazopokewa kwa kimya, akaungama zile za kwanza kila juma. Palitokea pia wale walioweka sheria juu ya mavazi, juu ya mikopo, juu ya kila jambo, na mlango uliofunguliwa na neema ukawekewa bawabu. Ugonjwa huo si wa Uamsho peke yake. Kila jamaa ya kiinjili duniani hupatwa nao, na yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, aliyesimama nje ya karamu akihesabu miaka ya utumishi wake, aliutangulia kwa karne nyingi.

Siku hizi kosa limegeukia upande wa pili. Katika miji yetu wapo wahubiri wanaolitumia jina la wokovu kumwahidi mtu gari, viza na biashara, kana kwamba Mungu ni njia ya kuvifikia vitu na vitu ndivyo mwisho wa safari. Kwa mizani ya imani ya kiinjili yenyewe hilo ni kurudi kwenye majumba na mizabibu ya yule Mhubiri. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba amejifunza kuridhika katika kupungukiwa na katika kuzidiwa. Alisema amejifunza, na mtu hajifunzi kwa siku moja. Nsibambi naye, baada ya miaka michache ya kusafiri na kuhubiri, alishikwa na maradhi yaliyomfungia nyumbani kwa sehemu kubwa ya umri wake uliobaki, hata alipofariki mwaka 1978. Uamsho alioushiriki kuuanzisha ulizunguka nchi pasipo yeye. Watu walimwendea nyumbani, na waliomwendea kumfariji waliulizwa habari ya roho zao wenyewe.

Mtihani mwingine ulikuja kwa damu. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, waliookoka miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa vilevile kushika silaha za serikali. Wakachukiwa na pande zote, na baadhi yao wakauawa. Nchini Rwanda, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, mtu wa Uamsho aliyewahudumia wakimbizi wa Kitutsi, alichukuliwa na askari usiku akauawa, na inashuhudiwa kwamba alikwenda akiimba. Lakini Rwanda ni nchi ile ile ambako mwaka 1994 watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa, hata ndani ya makanisa. Mwandishi wa habari za Uamsho akiliruka jambo hili hastahili kusomwa. Wako ndugu waliokufa wakiwaficha wengine. Lakini vizazi vilikuwa vimepita, maneno ya wokovu yalikuwa yamekuwa desturi, na palikuwa na dhambi moja, ile ya kabila, ambayo wengi walikuwa wameacha kuileta nuruni. Fundisho halikutubu kwa niaba ya mtu.

Festo Kivengere wa Kigezi aliokoka mwaka 1941, akiwa mwalimu kijana mlevi aliyechoka na maisha. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kupanda baiskeli kwenda safari ya maili nyingi kumwomba radhi Mzungu aliyemchukia, ambaye hakuwa na habari kwamba anachukiwa. Alifundisha Dodoma, akahubiri katika mabara kadha wa kadha, akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye naye aliokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa kwa amri ya Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo, na Kivengere akatoroka na mkewe usiku kwa kupita milimani hata Rwanda. Alikuwa ameokoka kwa miaka 36, askofu, mhubiri aliyejulikana dunia nzima. Naye alikiri kwamba uhamishoni moyo wake ulijaa uchungu juu ya Amin, na kwamba furaha yake ilikuwa ikikauka. Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa mjini London, ameketi kanisani, ikitafakariwa sala ya Yesu msalabani ya kuwaombea waliomtundika. Akajiuliza: kama Amin ndiye angekuwa ameshika nyundo siku ile, je, sala hiyo isingemhusu? Akatubu chuki yake pale pale. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin. Waganda wengi waliokuwa uhamishoni hawakufurahishwa nacho, na wala yeye hakudai kwamba Amin ametenda haki au kwamba asihukumiwe. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979 alirudi Kabale, katika Kigezi, akakuta nyumba zimeporwa na watu wakitaka kulipiza kisasi, akaanza tena kuhubiri toba, akianza na yake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 1988.